Kiti cha Nyuma, Njia ya Titye

Nilianguka kwenye bodaboda siku ya soko, kwenye mteremko wa mwisho kabla ya kufika kwa mama yangu, kijijini Titye. Nilikuwa nimekaa upande, kama wanawake wengi wa kwetu tunavyokaa tukiwa na kitenge, na mapajani nimepakata ndoo ndogo ya unga wa ulezi. Dereva aliingia kwenye mfereji uliochimbwa na mvua, gurudumu la mbele likageuka, nikajikuta chini na pikipiki imenilalia mguuni. Ekzosi ilinichoma shavu la mguu. Nilisikia harufu kabla sijasikia maumivu, na kwa muda mfupi nilidhani kuna mtu anachoma nyama karibu.

Kidonda kilipona. Hofu haikupona. Nikiwa nyumbani Kibondo, napepeta maharage uani, pikipiki ikinguruma barabarani nilikuwa naweka ungo chini na kuingia ndani. Nilianza kupita njia za mashambani ili nisikutane nazo. Lakini mama alikuwa amepata kiharusi, upande wake wa kushoto umelala, na kwa mama yetu binti niko peke yangu. Wifi yangu alimhudumia vizuri, Mungu ambariki, ila kuna mambo ambayo mama hakutaka yaguswe na mkono mwingine. Basi la kutoka Kibondo mpaka Kasulu sikuliogopa. Shida ilikuwa kuanzia Kasulu kwenda kijijini, ambako usipopanda pikipiki unatembea. Nikawa napanda nimefumba macho, naomba njia nzima, nikifika nimelowa jasho mgongoni hata kama ni asubuhi ya baridi.

Mume wangu ni fundi ujenzi. Alipoona naanza kuumwa tumbo siku moja kabla ya kila safari, alisema, "Mama watoto, tununue pikipiki yetu. Nitakupeleka mwenyewe, kutoka hapa mpaka kwa mama."

"Mpaka Titye? Safari yote hiyo kwenye pikipiki?"

"Tutakwenda buhoro buhoro, polepole. Tutapumzika njiani. Na pikipiki utachagua wewe, maana wewe ndiye utakayekaa nyuma."

Maneno hayo yalinifurahisha wakati ule. Niliona ananiheshimu.

Ya kwanza tuliiangalia pale pale Kibondo, pikipiki ya kawaida ya bodaboda, nyekundu, kiti chake kimevishwa mfuko mpya wa plastiki unaong'aa. Nilikuwa nimevaa suruali ya mume wangu chini ya kitenge, nikapanda kiume, miguu huku na huku. Wanawake wawili wa kwaya yetu walipita wakanitazama, nikawaamkia "Mwakeye" kama vile hakuna jambo. Kiti kilikuwa kigumu kama benchi la zahanati. Pa kukanyagia miguu palikuwa juu mno, magoti yakapanda mpaka karibu na mbavu za mume wangu. Tulizunguka mpaka kiwanja cha mpira na kurudi, na niliposhuka nyonga zilikuwa zinawaka. Nikasema hapana.

Ya pili ilikuwa ndefu, zile za kupitia porini ambazo wafanyakazi wa mashirika hupanda kwenda kambi za wakimbizi. Mwenye nayo alikuwa anahama na aliisifu sana. "Hii mama, ukipita kwenye mashimo huwezi kujua," alisema. Ni kweli, shokapu zake zilikuwa laini. Lakini nilipokaa nyuma nilijiona kama kuku aliyerukia paa akashindwa kushuka. Mume wangu si mrefu. Niliona kwamba tukisimama ni ncha za vidole vya miguu yake tu zinazogusa ardhi. Lakini yeye alikuwa ameshaipenda, uso umemng'aa kama kijana.

Tulishika njia ya kuelekea Kumsenga kuijaribu. Kwenye mteremko mmoja mbuzi waliingia barabarani, akafunga breki, na pikipiki ikasimama vizuri kabisa. Kisha ikaanza kulala. Haikuanguka kwa kishindo. Ililala polepole kuelekea upande wa korongo, kwa sababu mguu wake ulitafuta ardhi ukaikosa. Niliiona ile ardhi ya chini ikinijia, mawe, majani ya mhogo. Nadhani niliruka. Sikumbuki kuruka, nakumbuka tu nimesimama katikati ya mbuzi nimeng'ang'ania mti wa uzio, na mume wangu ameizuia pikipiki kwa paja, mishipa ya shingo imemtoka.

"Umeumia?" aliuliza.

"Hapana."

Tulirudi Kibondo tukiisukuma. Mwenye nayo alitushangaa, akasema haina kasoro. Mume wangu alimrudishia ufunguo.

Baada ya hapo nilitaka kuliacha jambo lote. Lakini wifi alipiga simu kwamba mama amekataa kula, ananiita. Tulipanda basi mpaka Kasulu, na wakati tunasubiri usafiri wa kijijini, mume wangu akanivuta mpaka kwa fundi mmoja aliyekuwa na pikipiki ya kuuza. Alikuwa mtu wa Kongo, mtu mzima, amekaa miaka mingi huku, anashona viti vya pikipiki kwa mashine ya cherehani ya mkono. Waliotoka Kongo huita pikipiki "moto". Nilikuwa najua hilo, na bado aliposema, "Mama, karibu, moto yangu iko muzuri sana," mguu wangu wenye kovu ulishtuka wenyewe.

Hiyo moto yake ilikuwa fupi, nzito, rangi ya kahawia iliyopauka. Haikuwa na uzuri wowote. Kiti alikuwa amekishona upya, kipana, na sehemu ya nyuma imeinuka kidogo ili abiria asiteleze akamgandamiza dereva. Nyuma kulikuwa na keria, na mbele ya keria chuma cha kuegemea alichokivika sponji na ngozi. Nilimwambia mume wangu aishike, isiwashwe, nikakaa. Miguu ilifika pa kukanyagia bila kujikunja. Mkono ulipata pa kushika. Nikamwambia naye apande, nikainama kutazama chini. Nyayo zake zote mbili zilikuwa zimekaa ardhini bapa.

"Nataka kuijaribu kwenye njia mbovu," nilisema. "Lami siyo itakayoniua."

Fundi akacheka, akatupatia kofia ngumu mbili. "Papa, mupeleke mama njia ya Kagerankanda. Huko atasema kweli."

Njia ile siku hiyo ilikuwa kavu, vumbi kama unga. Mwanzoni nilianza hata kuitazama migomba na mibuni ikipita, jambo ambalo sikuwahi kulifanya juu ya pikipiki. Kisha tukaingia kwenye mteremko mrefu, na nyuma yetu nikasikia honi ya lori. Niligeuka. Lilikuwa limejaa magunia na linakuja kwa kasi, na honi ilikuwa haikatiki, kama vile dereva anatuambia kwamba hawezi kusimama. Upande wa kulia lori lilikuwa linatufikia, upande wa kushoto mtaro, na mbele vumbi la gari lililotangulia. Nilipiga bega la mume wangu, nikapiga tena. Nilijua nakufa. Nililiwaza hilo kwa utulivu wa ajabu, nikawaza nani atamlisha mama, nikawaza suruali ya mume wangu niliyovaa tena chini ya kitenge, kwamba watanikuta nayo.

Mume wangu hakukimbia. Alipunguza, akaingia kwenye majani kandokando ya mtaro, akaweka miguu yote miwili chini akasimama. Lori likapita. Upepo wake ulitusukuma, kokoto zikatupiga kwenye kofia, na kwa muda hatukuona hata mikono yetu. Pikipiki haikulala.

Vumbi lilipotulia ndipo nilipohisi mgongo wake. Kifua changu kilikuwa kimeugusa, na ulikuwa unatetemeka wote, kama wa mtu mwenye malaria. Shati lilikuwa limelowa.

"Baba watoto," nikaita.

Alizima injini. Hakugeuka. "Naogopa," alisema. "Tangu ile siku uliyoungua naogopa. Nikikubeba nyuma, mikono inakufa ganzi."

"Mbona hukusema?"

Alipangusa vumbi kwenye tangi kwa kiganja. "Ndiyo maana nilikuambia uchague wewe. Nilifikiri ukichagua mwenyewe, halafu ukapata ajali, watu hawatasema nimekuua mimi. Na mimi nisijilaumu."

Nilishuka. Nilitembea mbele hatua kadhaa nikiwa na hasira, hasira ya kweli. Nilitaka kumwambia kwamba nilichokiona kuwa heshima kilikuwa kunibebesha mzigo wake. Nikamwambia hivyo hivyo. Alikubali kwa kichwa, kofia bado amevaa, vumbi limemfanya mweupe nyusi mpaka kidevu. Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine, nacho kilinishangaza. Miezi yote ile nilidhani hofu ni yangu peke yangu, ugonjwa wangu, aibu yangu ya mwanamke. Kumbe tulikuwa tumelala nayo wawili kwenye kitanda kimoja, kila mmoja akimficha mwenzake.

"Basi hii tutaichagua pamoja," nilisema. "Na tukianguka, tumeanguka pamoja. Hakuna atakayesema wewe wala mimi."

Tuliinunua ile ya kahawia. Kabla hatujaondoka tulikubaliana mambo machache: nikimgusa bega anapunguza bila kuuliza, mvua ikianza tunaingia kwenye baraza lolote lililo karibu, na kila aliyechoka anasema amechoka. Fundi alitusikiliza huku akikata uzi kwa meno. "Watu wengi wanauliza tu speed," alisema.

Tulifika Titye jioni hiyo kwa mwendo ambao baiskeli moja ilitupita kwenye kilima. Mama alikuwa amelazwa mlangoni apate hewa. Aliitazama pikipiki, akanitazama mimi, na kwa ule upande wa mdomo unaofanya kazi akasema kwa Kiha chake cha taratibu, "Mwana wanje, nani alikuwa anaendesha?"

"Mkweo, mama."

"Anajua?"

Mume wangu alikuwa amesimama mbali kidogo kwa adabu ya mkwe. Nilimtazama. "Anaogopa," nikasema.

Mama akafikiri. "Basi atakufikisha. Njoo unilishe," akasema.

Siku hizi tunakwenda karibu kila mwezi. Lami imetupunguzia vumbi sehemu kubwa ya njia, lakini imeleta mabasi yanayokimbia kuliko zamani, na kila linapotupita navuta pumzi na kuibana mpaka nyuma yake ipotee. Tunasimama njiani, Makere, kunywa chai. Nyonga haziumi tena. Tukikaa kwenye benchi la mgahawa, vikombe mkononi, huwa tunaulizana, "Vipi?" na mwingine hujibu kwa ukweli, na kabla ya kuondoka mume wangu hushika breki mara mbili, akazisikiliza, kisha huniambia nipande.