Jirani Aliyefika Guangzhou Kabla ya Jioni

Jirani yangu wa duka, mzee wa makamo anayeuza mikoba ya kike pale Kariakoo, alituaga asubuhi kwamba anaenda China kufunga mzigo. Alivaa suti mpya. Mtaa mzima tukamwombea dua, akapanda teksi.

Saa kumi jioni hiyohiyo akanipigia simu. Alisema amefika Guangzhou salama, kuna kibaridi, ila watu wake wakarimu.

Safari ile mimi naijua, kwani huko ndiko ninakonunua mapazia yangu. Ni zaidi ya kilomita elfu nane. Ukitoka hapa unabadilisha ndege Addis, unasinzia kitini shingo imepinda, na kesho yake unatua miguu imevimba. Huyu sauti yake haikuwa na hata uchovu wa kupanda ngazi.

Ningeweza kumbana palepale. Lakini biashara ilikuwa imelala, nami nilitaka burudani. Nikampa pole ya safari, kisha nikamuuliza kwa upole huko ni saa ngapi.

"Saa kumi," akasema.

"Na hapa saa kumi. Kumbe jua letu ni moja."

Wenzetu wa China wametutangulia kwa saa tano. Kwao usiku ulishaingia. Nyuma yake nikasikia mtu akinadi viatu kwa Kiswahili safi kabisa. Akasema mtandao unasumbua, akakata.

Siku chache baadaye nilienda soko la Mchikichini kutafuta mashuka ya mtumba, nikamkuta ameinamia rundo la mikoba, kavaa kandambili. Nilimsalimia kama kawaida yetu. Hakukimbia. Aliketi juu ya belo la nguo, akanieleza kwamba viza ilikataliwa dakika za mwisho, suti ikiwa imeshashonwa na watu wameshaanza kumtakia heri. Akaona aibu. Sasa amejificha kwa dada yake Buguruni, analala kwenye kochi, na ni mkewe na dada huyo tu wanaojua.

"Usiniseme, jirani," akaniomba.

"Sikusemi. Ila siku ya kurudi, sema umesafiri tangu jana. Na uchechemee kidogo."

Nikaketi naye pale juu ya belo, nikamfundisha safari yote.

Alirudi baada ya wiki, akichechemea kupita kiasi. Watu wakamzunguka. Akawasimulia Addis, shingo, na chakula cha kwenye sinia dogo, kwa ufundi kunishinda mimi niliyeyaona. Binti wa duka la vipodozi, aliyekuwa anajiandaa na safari yake ya kwanza, akamuuliza mtu hukaa angani saa ngapi.

Jirani akanitupia jicho. Nikajifanya nakunja pazia.

"Inategemea na upepo," akajibu.

Baadaye nilimvuta yule binti pembeni nikamweleza ukweli wa safari, saa zake na mapumziko yake. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akanishukuru, kisha akavuka kwenda kumuuliza jirani kama ninayosema ni kweli.