Wifi Ljerka na Samaki wa Birikani

Nianze na lile sanduku, maana ndilo lililonipandisha hasira kabla hata mwenyewe hajanipandisha. Sanduku la bluu, la magurudumu. Wifi yangu Ljerka alishuka nalo melini mwezi wa tano, akaliburuza juu ya mawe ya kichochoro chetu, krr-krr-krr, mpaka paka wote wakakimbia, akalisimamisha nyuma ya mlango wa nyumba ya baba yetu. Hapo likakaa. Kabati lipo, tupu, nimelifuta kwa mikono yangu miwili. Yeye nguo anatoa sandukuni, anavaa, anafua, anakunja, anarudisha sandukuni. Sasa huyo ni mtu aliyekuja kukaa, au anayesubiri meli?

Alikuwa anasubiri meli, na wote tulijua. Kaka yangu Frane alioa Zagreb, mji mkubwa huko bara, akafanya kazi huko mpaka akastaafu. Alipotaka kurudi kisiwani kwetu, mkewe akamwekea sharti: nitakaa majira haya ya joto. Mvua za kwanza za vuli zikinyesha nami sijapazoea, tunauza nyumba, tunarudi mjini. Nyumba ya baba, jamani! Na mimi Tonka, mjane, kichochoro kizima madirisha yamefungwa, wenyewe wamehama au wamekufa, ningebaki kupiga soga na nani? Na kuta?

Tusimsingizie, hakuwa mvivu. Maisha yake yote alisimamia jiko la hospitali. Huko chakula cha mgonjwa wa sukari kikichelewa, mtu anazimia, kwa hiyo wifi yangu kutembea hajui, anajua kukimbia tu. Asubuhi yuko dukani kwa Jakov kabla Jakov hajamaliza kahawa, anagonga dirisha.

"We Jakov! Saa mbili imefika!"

"Imefika wapi, shemeji? Kwangu bado," anajibu Jakov kutoka kibarazani, kikombe mkononi. "Taratibu."

Hilo neno! Kwetu ni salamu, ni jibu, ni kwaheri. Ljerka akilisikia anaiva kama nyanya. Anarudi nyumbani akibamiza milango mpaka chokaa inadondoka, nami niko dirishani kwangu, nyumba ya pili, nasikia yote, damu inanichemka. Siku moja nikamwambia, "Wifi, haraka haraka haina baraka."

"Wifi," akanijibu, "na njaa nayo haina baraka. Nataka mkate." Mdomo huo!

Kisha likaja jambo la birika. Kwetu hakuna mto wala chemchemi. Tunakunywa maji ya mvua, yanatoka paani yanaingia kwenye birika lililochimbwa chini ya ua. Mwaka ule jua lilitukaanga. Maji yakashuka, yakaanza kunuka, Frane akaumwa tumbo. Ljerka akamwomba Jakov, maana ndiye huyo huyo fundi wetu wa mabirika, aje alisafishe. Nitakuja, shemeji. Lini? Taratibu. Wiki zikapita. Akamwuliza mumewe, mumewe akaangalia bahari.

Siku moja nimekaa nachambua maharage, nikasikia kaka yangu anapiga ukelele. Nikakimbia. Nikamkuta amepiga magoti penye mdomo wa birika, na ndani ya ndoo amelala Mzee.

Mzee alikuwa mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Baba alimtia birikani mwaka nilioolewa, mwembamba kama kamba ya kiatu. Kila birika la hapa lina wake: anakula viluwiluwi vya mbu na wadudu wengine, maji yanakaa safi. Baba akafa, mama akafa, Mzee yumo tu gizani anazunguka. Sasa tumbo lake lilikuwa limegeukia juu, jeupe, na ua mzima ulinuka dawa ya maji, ile kali ya hospitalini. Ljerka alikuwa amesimama pembeni na chupa tupu.

"Umemuua Mzee!" nikapiga kelele. "Muuaji mkubwa we!"

"Mzee gani? Nimeona kitu kinapita kwenye maji ya kunywa, nikatia dawa! Samaki anafanya nini kwenye maji ya kunywa?"

"Anayasafisha, mjinga we! Kila mtoto hapa anajua!"

Akamgeukia mumewe. "Frane. Na wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nitakuambia," kaka akasema, macho kwenye ndoo. "Taratibu."

Lo! Sijapata kuona mtu akiwaka vile. Chupa ilipasukia ukutani. "Taratibu! Tangu mwezi wa tano nakunywa maji hayo, na hakuna hata mmoja aliyefungua kinywa! Fundi, taratibu! Mume, taratibu! Na wewe wifi, kutwa uko dirishani unanihesabia milango ninayobamiza, ulishindwa nini kuniambia kuna samaki? Haya, dawa nimemwaga mimi. Lakini mmemuua nyinyi, na hiyo taratibu yenu!"

Nilikuwa na matusi ya kutosha, nimeyaweka akiba tangu alipoteremka melini. Hayakutoka. Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Frane alimzika Mzee chini ya mti wa tini. Aliporudi akasema kwa sauti ndogo, "Hakuna haja ya kusubiri mvua. Fungasha tu, Ljerka, twende zetu." Kesho yake mkewe alikuwa ameondoka na meli ya alfajiri, peke yake. Nikajua basi, amekwenda zake, na kaka atamfuata. Sikuwaza hata kuangalia kama sanduku bado lipo nyuma ya mlango. Nilikwenda moja kwa moja dukani, nikamwambia Jakov mbele ya wateja kwamba yeye na kikombe chake wamenivunjia ukoo.

"Taratibu, Tonka," akasema.

Nikammwagia ile kahawa.

Upepo wa kusini ukaifunga bahari, meli zikakatika. Ziliporudi, Ljerka akashuka nywele timutimu, macho mekundu, ndoo mkononi imefunikwa gunia bichi. Alikuwa amekwenda bara, mtoni, akawasumbua wavuvi mpaka wakampa mkunga mchanga. Kisha akakaa bandarini na ndoo yake kungoja bahari itulie, analala kwenye benchi.

"Nimtie wapi?" akaniuliza, na kwa mara ya kwanza alisubiri jibu.

"Si birikani!" nikafoka. "Dawa itamuua na huyu. Maji yote yatolewe, kuta zisuguliwe, zipakwe chokaa, halafu usubiri mvua."

"Mvua ya lini?"

"Muulize Mungu."

Akateremka mwenyewe kwa ngazi, na brashi. Jakov naye akaja kusaidia, safari hii kabla ya kahawa. Mkunga akawekwa uani kwenye beseni la kufulia, na maji nikawa natoa kwangu kila siku, huku nanung'unika, maana birika langu nalo lilikuwa linaishiwa. Paka wakaanza kulizunguka beseni. Ljerka akaangaza huku na huku, akaingia ndani, akatoka na sanduku la bluu, nguo kazimwaga kitandani, akalilaza juu ya beseni likawa kifuniko. Jioni anakaa hapo kwenye kigoda, anachungulia pembeni. Kufoka hakuacha, tena alifoka sana, lakini amekaa.

Mvua ilikuja mchana, matone mazito kwanza, halafu ikamwagika. Nikatoka mbio bila viatu. Birika langu lilikuwa limebaki tope, hilo moja. La pili, hizi ndizo mvua za kwanza, sharti limefika, na nilitaka birika la baba lijae upesi kabla mtu hajatamka neno la kuuza. Nikamkuta Ljerka uani amelowa chapachapa, ameshika bomba la paani amelielekeza nje. Maji yote yanakimbilia kichochoroni!

"Geuza bomba!" nikapiga kelele. "Geuza, we mwanamke! Mvua itakatika!"

"Taratibu, wifi."

Haki ya Mungu, nilitaka kumzaba kofi. "Unaniambia mimi taratibu?"

"Hii inaosha paa," akasema bila kugeuka. "Vumbi la kiangazi kizima na mavi ya njiwa. Ikishapita hii ndiyo tunaingiza. Safari hii niliuliza, na nikajibiwa."

Hasira ikanizidi, maana hilo nalo kila mtoto wa hapa analijua. Kaka yangu alikuwa ametoka mlangoni, hathubutu kuuliza. Maji ya bomba yalitoka meusi, yakawa ya kahawia, yakaanza kung'aa. Bado hakugeuza. Pale juu ya beseni sanduku lilikuwa linavimba, pembe zinafumuka.

"Sanduku lako linalowa!" nikamwambia. "Litaoza hilo!"

"Naliona," akasema Ljerka. "Liache lilowe."

Halafu akageuza bomba.