Mwenye Shamba na Mwenye Minazi

Sisi watu wa pwani tunajua kwamba ardhi ni kitu kimoja na mti ni kitu kingine. Ardhi inaweza kuwa ya huyu, minazi iliyo juu yake ikawa ya yule aliyeipanda kwa ruhusa, na wala hakuna anayeona ajabu. Mimi hilo nililijua tangu utotoni. Ndiyo maana leo sina pa kujificha.

Shangazi yangu alikuwa mjane, akikaa chumba kimoja Kariakoo na kukaanga vitumbua vya kuuza. Ng'ambo ya Magogoni, upande wa Kigamboni, alikuwa na minazi aliyoipanda kwa mikono yake zamani alipoolewa huko. Ardhi ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe. Minazi ilikuwa yake yeye, na hakuwa na kingine duniani.

Katika miaka ile ya hamsini, chonga, yule dudu mweusi anayetoboa moyo wa mnazi, aliivamia minazi ya huko. Serikali ikatangaza msaada: mwenye shamba atakayekata na kuchoma minazi iliyokufa atalipwa, tena atapewa miche ya kupanda upya. Bwana shamba akagawa fomu. Shangazi akaniletea yake, maana mimi nilikuwa karani kwenye ghala la kopra, zile nazi zilizokaushwa, suruali imenyooka kwa pasi, najiona nimeimaliza dunia.

"Andika minazi ni yangu," aliniambia. "Ardhi ndiyo ya shemeji."

Fomu yenyewe ilikuwa na mstari mmoja tu: jina la mwenye shamba. Ningeweza kuongeza maneno mawili pembeni. Ningeweza hata kumuuliza bwana shamba. Lakini nilikuwa na haraka, na kiburi cha kalamu ni kibaya, jamani. Nikajiambia karatasi ya serikali haichafuliwi kwa maelezo. Shamba ni ardhi, basi. Nikaandika jina la shemeji. Chini, palipoandikwa "Shahidi", nikamshika shangazi dole gumba, nikalipaka wino, nikalikandamiza pale.

"Umeandika kama nilivyokwambia?"

"Nimeandika, shangazi. Usiwe na wasiwasi."

Akanifungia vitumbua sita kwenye karatasi. Nikavila vyote njiani.

Siku ya malipo aliitwa shemeji. Mwanzoni hata yeye alishangaa, akasema watagawana. Baadaye akasomewa ile fomu, na kuanzia hapo neno lake likawa moja: karatasi imesema. Akachukua fedha, akachukua miche, na minazi iliyopona chonga akaanza kuiangua kama yake.

Shangazi akaenda barazani kudai. Nilimsindikiza. Karani wa baraza akamwekea fomu mbele.

"Dole hili la nani?"

"Langu."

"Basi mama, kama ulishuhudia mwenyewe, unadai nini?"

Hakusema ni nani aliyemshika mkono. Nami nilikuwa nimesimama hapo hapo ubavuni mwake, na neno moja tu lingetosha: mimi ndiye niliyekosea. Nikawaza tajiri wangu wa ghala atasikia kwamba karani wake hajui kujaza fomu. Nikatazama viatu vyangu. Tukavuka maji kurudi mjini, na shangazi akanilipia nauli.

Hakunigombeza hata siku moja. Afadhali angenitukana, ningepata pa kuanzia kuomba radhi. Miezi michache baadaye nilikuwa nimekaa kibarazani nje ya nyumba yangu Jumapili, kalamu iko mfukoni, nikamwona anakuja na barua mkononi. Nikasogea kumpisha akae.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

Akapita. Alikwenda hadi sokoni, kwa mwandishi wa barua asiyemjua, akamlipa thumni ili amsomee.