Pua ya Ndege na Mkasi wa Dobi

Fundi Friji hakuwahi kupanda ndege maishani mwake, na hilo halikumzuia kujenga ya kwake gerejini, mwaka wa tisa sasa. Ilikuwa na viti viwili. Cha kulia alikitengeneza kwa ajili ya mkewe, na mkewe, dobi asiyekopesha maneno, alishatangaza mbele ya mashemeji kwamba hakanyagi humo mpaka ile oili iache kuchemka.

Na oili ilichemka, jamani. Injini ilitoka kwenye gari kuukuu, ile aina isiyo na pistoni, ndani kuna kitu cha pembe tatu kinachozunguka tu. Injini hizo joto lake jingi huishia kwenye oili, kwa hiyo fundi alihitaji rejeta ya oili ya maana. Akafunga ya pikipiki: dakika sita, mshale wa joto kwenye nyekundu. Akafunga ya jenereta: dakika nane. Akaleta ya lori, pana kama sinia: tisa. Kila mara alilaani waliomuuzia. Mtu amepoza mafriji ya watu miaka thelathini, nani amfundishe habari za baridi?

Ijumaa mkaguzi wa ndege angekuja kuona injini ikiunguruma nusu saa bila mshale kuvuka mstari mwekundu. Ikishindwa, mpaka mwakani, na magoti ya fundi yalishaanza kugombana na bawa. Aliogopa, tusifichane. Kuanguka hakukumtisha. Kilichomtisha ni kuruka peke yake, kiti cha pembeni kitupu.

Alhamisi mchana mkewe alipita na beseni la shuka, akachungulia. Rejeta zote tatu zilikuwa zimefungwa palepale, nyuma ya rejeta ya maji, kwa sababu bwana hakutaka tundu la pili kwenye pua aliyoisugua miezi minne hadi ikang'aa.

“Nikianika shati nyuma ya shuka mbichi,” mkewe akauliza, “litakauka lini?”

Fundi akamjibu kwamba hii ni sayansi, si kufua. Mkewe akamwitikia haya, profesa, akaenda zake. Fundi naye akaenda kuoga.

Aliporudi na taulo kiunoni, pua ya ndege ilikuwa na tundu upande wa chini, limekatwa kwa mkasi wa bati, limenyooka kama la kifungo, na upana ni uleule wa rejeta ya lori. Mkewe alikuwa anaanika shuka. Fundi akashika kichwa. Lakini tundu likishakatwa limekatwa, basi akaihamishia rejeta ya lori pale, ipate upepo wake yenyewe, akinung'unika mpaka boliti ya mwisho.

Ijumaa mshale ulipanda, ukakaribia mstari, ukasimama hapohapo nusu saa nzima. Mkaguzi akalisifia lile tundu, akauliza wazo lilikuwa la nani.

“Tulishauriana,” fundi akasema, hana hata haya. Mkewe akatazama juu kama anahesabu mawingu.

Mkaguzi akafunua ukurasa, akaomba uzito wa atakayekaa kulia. Fundi akaanza kusema aandike mifuko miwili ya mchanga, ndiyo aliyokuwa akiiweka kwenye kiti hicho kila alipopima ndege.

“Kilo themanini na sita,” mkewe akamkatiza, yeye ambaye tangu harusi alikuwa hajawahi kukiri kuvuka sabini. “Na hiyo ndiyo ya kweli, andika kabla sijabadili mawazo.”