Nyumba Isiyo na Kona

Nauza pazia hapa Ntinda, Kampala, huu ni mwaka wa kumi na nane, na sipendi mtu anifundishe kazi yangu. Nalisema hilo mapema ili ujue ilivyoniuma kumkubali Filda.

Filda ni mke wa Ocen, sajenti wa polisi. Wanakaa katika kambi ya polisi, mwendo wa dakika kumi kwa miguu kutoka dukani kwangu, kwenye nyumba ya bati ya mviringo, chumba kimoja. Nyumba za aina hiyo watu wa Kampala huziita mama ingia pole, kwa sababu mlango ni mfupi na ukiingia kwa haraka unaumia kichwa. Zimepangwa mstari baada ya mstari, zimebanana, hata jirani akikohoa unampa pole ukiwa kitandani kwako.

Siku ya kwanza aliingia dukani akasimama nusu saa akishikashika vitambaa, asinunue. Nikadhani ni mmoja wa wale wanaopiga picha kwa simu, kisha wakashonewe kwingine. Nikamuuliza, kwa sauti ambayo si nzuri sana, kama kuna kitu anatafuta.

"Mimi natafuta akili, mama," akasema. "Pesa iko kidogo. Nataka nyumba yangu ikae kama nyumba. Mama yangu anakuja."

Nikamvutia kiti. Mteja mwenye sababu simfukuzi, hata akiwa hana kitu mfukoni.

Mama yake anaitwa Lanyero, anakaa upande wa Kitgum, kaskazini mwa Uganda. Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwaka jana aliletwa Kampala atibiwe. Alifika jioni, akasimama mwanzo wa ule mstari wa nyumba za mviringo, akauliza ni familia ngapi zinakaa hapo. Usiku kucha alikaa wima juu ya godoro na mkoba wake mapajani. Kulipokucha akataka basi la kurudi, akaondoka bila kutibiwa. Wakati wa vita vya huko kwao mama huyo alikaa miaka kumi na mmoja katika kambi ya watu waliohamishwa vijijini mwao, vibanda vimebanana vivyo hivyo, na alipotoka aliapa kwamba hatalala tena mahali kama pale, hata pakiwa kwa mtoto wake.

Sasa jicho la kulia lilibaki kuona mwanga tu, na la kushoto lilikuwa linafuata. Daktari alisema yote mawili yanaweza kupasuliwa, ila lazima mgonjwa akae karibu na hospitali mwezi mmoja na nusu. Lanyero alikubali kuja mara moja tena, baada ya kusumbuliwa sana na wanawe. Filda alikuwa na wiki tatu za kuitengeneza nyumba.

"Akirudi hii mara, hawezi kuja tena," akaniambia. "Atakuwa kipofu kabisa, na hospitali iko hapa, na mimi niko hapa."

Basi nikaingia kazini. Nikafungua simu nikamwonyesha picha zangu zote: sebule za Nairobi, sebule za Dubai, makochi ya kijivu, vioo vya ukutani, taa zinazoning'inia. Filda aliziangalia moja moja kwa makini, kisha akarudisha simu.

"Mama Khaemba, hizi zote ziko na kona."

Sikuwa nimeliona. Miaka kumi na minane nimepima madirisha ya watu, na sikuwahi kufikiria nyumba isiyo na kona. Lakini mimi si mtu wa kushindwa mbele ya mteja. Nikamwambia hakuna shida, hiyo ni kazi ndogo.

Nilianza na pazia refu la kufichia bati, kwenye bomba la mita mbili. Bomba lilikuwa limenyooka na ukuta umejipinda. Ncha mbili ziligusa ukuta, katikati pakabaki pengo. Ocen alirudi kutoka zamu, akachungulia nyuma ya pazia, akasema hapo tunaweza kufuga kuku.

Nikamwambia Filda anunue stika za ukutani, zile zenye picha ya matofali meupe. Tulizibandika Jumapili asubuhi, na nikapiga picha nikaiweka kwenye WhatsApp ili watu waone kazi yangu mimi Nafuna. Kufika saa nane mchana bati lilikuwa limepata moto na gundi ikalegea. Stika zilianza kudondoka moja baada ya nyingine tukiwa tunakula, na moja ikatua katika sahani ya Ocen, juu ya malakwang, ile mboga yao ya uchachu yenye karanga. Akaitoa kwa vidole viwili, akaitazama.

"Hii tofali haijaiva," akasema.

Nilicheka mpaka machozi. Halafu nikamwona Filda, na yake hayakuwa ya kucheka. Siku kumi tu zilikuwa zimebaki, na pesa yake kidogo nilikuwa nimeimaliza mimi kwa ujuzi wangu. Niliona aibu kweli kweli. Nikamwahidi vitambaa vya kochi vya kufuma kwa mkono, bure, kama vile tunavyotandika kwetu Kenya.

"Asante," akasema kwa upole. "Lakini wacha kwanza nifikirie."

Hakuja dukani siku mbili. Siku ya tatu alikuja na matope kwenye kucha, na uso wake ulikuwa umebadilika. Alisema ametembea Ntinda yote na Bukoto yote akitazama madirisha ya watu, mpaka akachoka, akaketi kando ya barabara na kujiuliza yeye mwenyewe alizaliwa katika nyumba ya namna gani.

"Ilikuwa mviringo!" akasema. "Kona hatukuwa nayo, na hakuna kitu ilikosa. Mimi nilikuwa natafuta mbali."

Mama yake, kumbe, alikuwa na jina kwao kwa sababu ya ukuta. Aliusiriba kwa udongo, mwekundu juu na mweusi chini, na udongo ukiwa bado mbichi alipitisha vidole vinne, akachora mistari inayozunguka nyumba nzima. Wanawake wa vijiji vingine walikuja kutazama kabla ya kusiriba nyumba za maharusi wao. Lakini miaka yote ya kambini hakuchora hata mstari mmoja. Alisema mahali unapongoja kutoka hapapambwi.

Filda alikuwa amekwishajaribu kupaka udongo kwenye bati lenyewe, ukakauka na kuanguka wote. Ndipo akafikiria magunia. Hapo angalau nilifaa kitu, maana ninamjua Oduor, Mkenya mwenzangu anayeuza nafaka sokoni Bukoto, na Oduor alitupa magunia ya mkonge yaliyotobolewa na panya, akashukuru tumemwondolea takataka. Filda aliyashona yakawa kitambaa kimoja kirefu. Msumari hakupiga hata mmoja, kwa sababu ukitoboa bati mvua inaingia. Alizungusha waya chini ya paa, akaning'iniza magunia juu ya waya, na chini akayakaza kwa mawe. Waya ulijipinda pamoja na ukuta. Nikakumbuka bomba langu lililonyooka.

Udongo mweusi aliuchota kwenye bonde chini ya Kyambogo, na mwekundu mahali walipokuwa wakichimba msingi wa nyumba. Kinyesi cha ng'ombe alipewa na mzee mmoja mfugaji, Dawudi. Akachanganya na majivu na uji wa muhogo ili ushike, kisha akaniita nimsaidie kuusiriba juu ya magunia.

Sasa mimi nilikulia Kimilili, nikisiriba nyumba yetu kila Desemba, na nilipopanda basi la kuja Kampala niliapa kwamba mkono wangu hautagusa tena kinyesi cha ng'ombe. Ndiyo maana nauza pazia. Nilisimama pale mlangoni na kucha zangu zilizopakwa rangi, nikamtazama yule mwanamke akikanda peke yake, nikavua pete. Na nitasema ukweli, nilifurahi. Mikono ilikumbuka yenyewe.

Filda ndiye aliyechora. Alianzia upande mmoja wa mlango, kwenye kimo cha mkono, vidole vinne vimebanwa pamoja, akazunguka nyumba polepole mpaka upande wa pili. Mistari ilipanda na kushuka kwa ulaini ambao sina jina lake. Mahali pamoja tu alisita, mwisho kabisa, karibu na mlango, kwa kuwa hakukumbuka mama yake alikuwa akiimaliza vipi. Akabahatisha.

Ulipokauka alirudisha vitu vyake vile vile vya zamani: godoro, viti viwili vifupi, masufuria, na vikapu ambavyo sasa alivitundika kwenye waya. Kutoka kwangu alikubali kipande kimoja tu cha kitambaa cha manjano, cha dirisha dogo. Nimeingia nyumba za Kololo ambazo choo chake ni kikubwa kuliko duka langu, na sijaona chumba kizuri kama kile. Hata joto la mchana lilipungua. Wake wa polisi walipanga mstari mlangoni kutazama, na wawili waliniuliza kama nauza magunia.

Lanyero alifika Jumatano alasiri. Nilijifanya nimepita kuangalia pazia langu la manjano. Ocen alimshika mkono kutoka kwenye teksi, mwanamke mrefu, mkavu, na ule mkoba kwapani. Mwanzo wa mstari wa nyumba akasimama. Macho yake yaliona ukungu tu, lakini masikio yalikuwa mazima. Redio tatu, watoto, sufuria za majirani, vyote viko karibu. Akasema maneno machache ya Kiacholi na Filda akainamisha kichwa.

"Anauliza basi ya kesho inatoka saa ngapi," akaniambia.

Nilitaka kulia. Nilitaka pia kumgombeza, mama wa watu, mbele ya kambi nzima.

Akainama kuingia, na ili asianguke akaegemea ukuta kwa mkono. Mkono ukatulia. Nikaona vidole vyake vinajipanga, kimoja kimoja, ndani ya ile mistari minne. Akaanza kutembea. Alifuata ukuta hatua kwa hatua, sisi tukivuta viti na godoro kumpisha. Alizunguka nyumba nzima mpaka karibu na mlango, upande wa pili, na hapo akasimama. Akarudi nyuma kidogo, akapapasa tena. Kisha akasema kitu kwa ukali sana.

Filda alishika mdomo. Alikuwa anacheka na machozi yanamtoka.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema hapa nimeharibu. Anasema tangu niko mtoto mimi sisikilizi."

Bibi akaketi kwenye kiti kifupi. Akaweka mkoba wake chini, akavua viatu, akakunja mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko, akaendelea kusema.

"Anasema kesho asubuhi nimletee udongo, lakini laini, hataki hii iko na mchanga."

"Na basi?" nikauliza.

Filda hakulitafsiri swali langu. Alikuwa tayari ameenda kutafuta ndoo.