Matonge Mawili ya Uwele na Mlenda wa Jirani

Mambo haya sikutaka kuyasema, na hata sasa ninapoyaandika (mwandiko mnisamehe, darasa la nne niliishia mlangoni) uso unanipata moto, lakini kwa kuwa kila aliyekuwepo siku ile pale Mkonze amekwisha kuyasimulia kwa namna yake, na wengine wameongeza kwamba nilitokwa na nyoka mdomoni, naona bora mwenye aibu niiseme mwenyewe jinsi ilivyokuwa. Yule mzee mnayemsikia, aliyetapika mbele ya jumuiya nzima ya kanisa mpaka watu wakapiga vigelegele, ndiye mimi Masinga. Nyoka hakuwepo.

Nilikuwa mnene. Sisemi unene wa mtu kuonekana ana afya, nasema unene wa kufungiwa kamba za viatu na wateja. Miaka mingi nimechoma mbuzi mnadani, na mchoma nyama lazima aonje, huyu ameiva, yule bado, ubavu huu una chumvi, ule hauna, mpaka jioni umeonja mbuzi mzima na bado hujala. Basi magoti yakaanza kulia, sukari ikapanda, usiku nakoroma mpaka mbwa wa jirani wanajibu. Binti yangu wa mwisho, Nyemo, ambaye ni karani huko ofisini Mtumba na ndiye ninayeishi kwake tangu mama yake afariki, akanipeleka hospitali, madaktari wakapima wee, mwisho wakasema tumbo la chakula likatwe lipunguzwe, libaki jembamba kama ndizi.

Ndugu walikuja juu. Chilewa, mwanangu mkubwa wa kule Mvumi, alisema mbele yangu, "Nyemo, mzee wa watu umpeleke akakatwe tumbo lisilomuuma? Akifa, utawaeleza wajomba wewe mwenyewe." Nyemo akajibu, "Nitawaeleza." Ni maneno hayo tu, ila nataka myashike, kwa sababu mkasa wote uko hapo. Yule mtoto alinibeba mabegani kwake peke yake.

Na mimi nikakubali, nikakatwa (matundu matano madogo, sikuamini kwamba tumbo zima limepita humo), nikarudi nyumbani mzima. Lakini watu niliwaambia nimekatwa ngiri. Kwa nini ngiri? Aibu. Nimekua Chamwino enzi ambazo mvua ikigoma mama yetu anakoroga uji mwepesi, ukiinamia bakuli unaona sura yako, na ukimaliza unatafuta mwingine kwenye kidole. Sasa mtu wa namna hiyo, Mgogo niliyelala njaa, nitasimamaje mbele ya watu wazima niseme nimelipa watu wanikate tumbo ili nisile? Ngiri ina heshima yake. Mtu akisikia ngiri hachunguzi.

Wiki za kwanza zilikuwa za kunywa tu. Nilipewa kikombe cha plastiki, kile cha kupimia dawa ya kikohozi ya watoto, ndiyo ikawa sahani yangu. Uji mwepesi uliochujwa, supu iliyochujwa, hata maji nayanywa kama yana miba. Uji ule ule wa njaa, jamani, leo unaitwa dawa! Lakini niseme kweli, nilikuwa naona raha yake. Sukari ilishuka, kukoroma kukaisha, asubuhi moja nikainama nikafunga kamba za viatu mwenyewe, nikamwita Nyemo aje aone. Akapiga picha viatu.

Sasa Ijumaa ya wiki ya tatu. Likizo ya Nyemo ilikuwa imekwisha, akaniachia chupa zangu mezani, akasema, "Baba, leo jumuiya watakuja kukuona saa kumi, nami nitawahi. Kitu cha kutafuna hapana, nakuomba. Daktari amesema ukitafuna vitu kabla ya wakati, mshono unaweza kuachia."

"Sawa mama, nenda kazini."

Ilipofika kama saa tisa, upepo ukabadilika. Jirani yetu ng'ambo ya ua ni Mama Mazoya, mama wa kwetu kabisa, na siku hiyo alikuwa anapika mlenda wa karanga, ile mboga yetu ya majani inayoteleza. Mtu asiye wa huku hawezi kujua ile harufu inavyoita jina la mtu. Nikiwa nimekaa hapo na kikombe changu cha kikohozi, mwenyewe akaingia kunijulia hali kwa salamu yetu ya Kigogo.

"Mbukwa, mzee Masinga! Umekula?"

"Nimekunywa uji."

"Uji tena? Wiki ya tatu uji, kwa ngiri? Mume wangu alikatwa ngiri, siku ya nne alikuwa anagombania filigisi! Huyu Nyemo anakufunga kama mwanafunzi wa bweni."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema, "Mama, siyo ngiri." Maneno manne hayafiki. Nikatikisa kichwa kwa huzuni kidogo, kama mtu anayeonewa (Mungu anisamehe), na mama wa watu akatoka mbio, akarudi na bakuli lenye kifuniko, ugali wa uwele na mlenda juu yake, akaliweka mapajani kwangu, akasema anakwenda kuoga atarudi na jumuiya.

Nikabaki na bakuli. Na akili yangu, ambayo haikwenda shule, ikaanza kwenda shule peke yake. Nyemo kasema nini? Kitu cha kutafuna hapana. Haya, mlenda unatafunwa? Tangu lini? Mgogo akiona mtu anatafuna mlenda anamwuliza kwao wapi. Unafinyanga tonge, unalizungusha kwenye mlenda, unaliweka ulimini, linakwenda lenyewe. Kwa hiyo sheria ya daktari haijavunjwa. Nikafinyanga tonge moja dogo, kama jicho la mbuzi. Likashuka. Sitadanganya, machozi yalinilenga kwa utamu. Nikafinyanga la pili, na hilo mkono ulijisahau, likawa la mtu mzima.

La pili likafika hapa, katikati ya kifua, likasimama. Likasimama kama ng'ombe aliyegoma kwenye geti la mnada, ukimsukuma haendi, ukimvuta harudi. Kifua kikabana. Mate yakaanza kujaa mdomoni, nikiyameza yanarudi. Na wakati huo huo nikasikia mlangoni, "Hodi! Bwana Yesu asifiwe!"

Nikasukuma bakuli chini ya kiti.

Wakaingia kama watu kumi na wawili, akina mama wengi, Mama Mazoya akiwemo na kanga safi, wakiongozwa na mwinjilisti, kijana mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko kifua chake. Sasa mjue kwamba mimi kanisani nilikuwa na mguu mmoja nje tangu harusi yangu, na Nyemo amekuwa akiniombea miaka, jumuiya yote inajua, mimi ni ombi lao la kudumu. Wananisalimia, "Bwana Yesu asifiwe, mzee," nami siwezi hata kusema amina, nikifungua mdomo tu mate yanamwagika. Nikafumba mdomo, machozi yakaanza kutiririka kwa maumivu.

"Mzee analia," mama mmoja akanong'ona.

"Mwacheni alie," mwinjilisti akasema, sauti ikipanda. "Mwacheni! Moyo mgumu ukipasuka lazima maji yatoke!"

Wakaanza wimbo. Mimi najipigapiga kifuani ili tonge lishuke, wao wanaona toba. Najikunja mbele, wao wanaona nainama kuabudu. Nikatafuta pa kutemea, nikakumbuka beseni liko juu ya kabati la vyombo, na ndipo mwinjilisti akasema, "Kama yupo humu anayetaka kumpa Bwana maisha yake leo, anyooshe mkono!" na mimi, ndugu zangu, nikanyoosha mkono kuwaonyesha beseni.

Nyumba ililipuka. Vigelegele, makofi, na katikati ya kelele hizo nikamwona Nyemo amesimama mlangoni, ndiyo kwanza anafika kutoka kazini, mkoba begani. Akaona mkono wangu uko juu. Akapiga magoti palepale kwenye kizingiti, akafunika uso, akalia, "Asante Yesu, baba yangu!" Kile kifua kilikuwa kinauma, lakini ile sauti iliniuma zaidi.

Mwinjilisti akaniwekea mkono kichwani, akakemea. Akakemea tena. Mara ya tatu yule ng'ombe wangu akageuka getini.

Sitaeleza yote. Niseme tu kwamba mlenda ukirudi haukatiki, unakuja kamba ndefu ya kijani inayong'aa, na kwamba viatu vya mwinjilisti vilikuwa vyeupe.

"Ametoka!" mama mmoja akapiga kelele akipanda juu ya kochi. "Pepo ametoka! Mwoneni na kamba zake!"

"Msimguse! Asije akamwingia mwingine!"

Wengine wakarudi nyuma mpaka ukutani. Mmoja tu hakurudi, Mama Mazoya. Aliinama, akatazama, akainama zaidi, kisha akasema polepole, "Jamani, subirini. Huyo pepo nimempika mimi."

Akapeleka mkono chini ya kiti changu, akatoa bakuli lake.

Nawaambia nilitamani sakafu inimeze, na isingehitaji kunitafuna. Watu walicheka, walicheka wakashikana mabega, hata mwinjilisti mwenyewe na viatu vile. Lakini Nyemo hakucheka. Alikuja mpaka mbele yangu.

"Baba. Umekula ugali?"

"Matonge mawili tu. Mlenda hautafunwi, mama."

"Baba! Umeshonwa tumbo!" Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Na kama umefumuka huko ndani?"

"Ngiri inafumuka kwa ugali?" Mama Mazoya akauliza.

"Ngiri gani, mama? Hana ngiri! Baba amekatwa tumbo la chakula, lipunguzwe, ndiyo maana anakunywa uji!"

Kicheko kikakatika. Mama Mazoya akakaa chini sakafuni na bakuli lake mikononi, akanitazama kwa macho ambayo mpaka leo nayaona. "Mzee Masinga," akasema, "ulitaka nikuue bila kujua?"



Mwinjilisti akavua viatu, akaendesha gari lake peku mpaka hospitali, mimi mbele na beseni (lilipatikana), nyuma Nyemo na Mama Mazoya. Kifua kilikuwa kimelegea lakini bado kinavuta. Simu ya Nyemo ikawa inaita tu. Niligeuka nikaona jina, Chilewa. Nyemo alikuwa anaiangalia, haipokei, midomo inacheza, nami nikajua anajipanga namna ya kuwaeleza wajomba. Sikuogopa kufa, nasema kweli. Niliogopa kufa halafu aitwe muuaji mtoto aliyepiga picha viatu vyangu.

Hospitalini wakaninywesha dawa nyeupe kama chokaa, wakapiga picha wakiangalia inavyoshuka. Daktari alirudi baada ya muda nilioona ni miaka, akasema, "Hakuna kinachovuja. Mshono uko salama. Mzee, una bahati." Nyemo akaegemea ukuta akateremka nao taratibu mpaka akakaa chini.

"Ila niambie," daktari akasema, "ugali ulifikiriaje?"

"Nilidhani katazo ni la kutafuna, daktari. Na mlenda kwetu hautafunwi."

Alinitazama, akaandika kitu kwenye karatasi yangu, akakipigia mstari. Sijui ni nini mpaka leo.

Simu ikaita tena. Nyemo akapokea, nikamsikia akisema, "Kaka, baba mzima, alipaliwa tu kidogo." Alipaliwa! Bado ananifichia. Nikanyoosha mkono (safari hii kwa nia yake), nikachukua simu.

"Chilewa, ni mimi baba yako. Sikupaliwa. Nimeiba ugali. Dada yako alinikataza asubuhi na mimi nikaiba. Ningekufa ningekufa kwa mkono wangu mwenyewe, na wajomba uwaambie hivyo hivyo."

Kisha nikasikia, "Na mlenda, baba?"

"Na mlenda."

"Wa karanga?"

"Wa karanga."

Akacheka mpaka simu ikakata. Nyemo naye, pale chini, akaanza kucheka huku analia, na Mama Mazoya akamfuata.

Siku hizi simwambii mtu ngiri. Anayeuliza namweleza, tumbo limekatwa, hapa, hapa na hapa, na kumbe hakuna aliyenisema vibaya, wamama wawili wamenifuata kwa siri kuuliza hospitali gani. Mama Mazoya alinichujia supu mwezi mzima, akiionja kwanza yeye. Viatu vya mwinjilisti nilimsafishia, havikurudi weupe. Na ule mkono, nilimwambia kwamba ulikuwa wa beseni, akasema mbinguni wameuandika hivyohivyo, basi Jumapili naenda, nakaa nyuma karibu na mlango, Nyemo pembeni yangu, sijapata sababu ya kutokwenda.

Chakula nimeruhusiwa, kidogo kidogo, lakini daktari ameweka sharti na mimi nimeapa mbele ya binti yangu kulishika mpaka naingia kaburini: kila kitu kitafunwe mara ishirini, kila kitu, bila kuuliza kwetu kunaliwaje. Kwa hiyo mkipita Mkonze mchana mkamwona mzee wa Kigogo amekaa kibarazani na kibakuli kidogo, suruali imemzidi kiuno, anautafuna mlenda taratibu huku watu wanamcheka, msishangae wala msiulize kwao wapi.

Salimieni tu. Nitaitikia nikishameza.