Dari ya Udongo, Nguvumali

Nilipoolewa niliingia nyumba ya miti na udongo pale Nguvumali, vyumba vinne, ukumbi katikati, makuti juu. Tulikuwa watatu: mimi, mume wangu na mama yake. Mume wangu alikuwa mwashi. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na akikwambia jambo moja mara mbili ujue limemkaa rohoni.

Mwaka ule walimchukua kwenye ujenzi wa ghala la katani mjini. Jioni moja alirudi, akanawa mikono, akasema:

"Leo tumemaliza ukuta wa katikati. Haubebi kitu."

"Wa nini basi?"

"Wa moto. Umepanda mpaka umetokeza juu ya bati, kimo cha goti. Upande mmoja ukiungua, moto ukifika pale hauna njia."

Nikamwambia hewallah, chakula tayari. Kesho yake akanieleza ukuta uleule. Ijumaa, baada ya sala, nikamkuta amelala chali kitandani macho wazi, anatazama juu. Nilidhani ana homa.

"Sisi tunalala chini ya kuni," akasema.

Ukuta kama ule hakuweza kuujenga kwetu. Upenu wetu na wa jirani zilikaribia kugusana, na pale katikati alipita kuku tu, tena kwa ubavu. Basi akaamua kutia dari. Boriti za mikoko zipite juu ya vyumba, juu yake fito, juu ya fito udongo uliokandwa, unene wa shubiri nzima, halafu chokaa. Makuti yabaki palepale juu yake. Alisema nyumba za zamani za Pangani zilijengwa hivyo, na makuti yakiungua, yanaungua yenyewe.

Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "kulala chini ya udongo kuna wakati wake. Wakati huo ukifika sitakuhitaji wewe na karai lako."

Mimi mbele ya watu sikusema kitu. Chumbani nilisema. Nilimwambia itatuangukia, itatia vumbi kwenye chakula, na watu watatucheka. Akajibu kwamba haitaanguka. Hayo mengine hakuyajibu.

Boriti zilitoka kwetu Moa. Baba yangu alizikata, akazipakia kwenye lori lililotoka Horohoro, akatuma na salamu kwamba anamwombea mkwewe afya ya akili. Mume wangu alifanya kazi ile Ijumaa na Jumapili, miezi mitatu. Udongo nilibeba mimi, kwa kuwa hakuna mwingine. Majirani walipita wakisimama mlangoni kutazama. Mmoja akaiita kaburi la ghorofa, na jina likapendwa. Hata muuza mkaa alikuwa akiulizia nyumba yetu kwa jina hilo.

Alimaliza vyumba viwili, chetu na cha mama yake. Mama mkwe alihamisha kitanda chake ukumbini, akalala huko wiki nzima. Kisha mbu wakamrudisha. Mume wangu akamkalisha chini, akamwambia kwa adabu:

"Mama, ukisikia moto, toka. Ukishindwa kutoka, ingia chumbani ufunge mlango."

"Na nikishindwa kufunga mlango?"

"Mama."

"Nimesikia."

Moto ulikuja msimu wa kaskazi, saa nne asubuhi, mume wangu yuko kazini. Jirani yetu wa upande wa upepo alikuwa akikaanga vitumbua kwenye kibanda cha makuti alichokiegemeza nyumbani kwake. Mafuta yalishika. Alifanya ambalo kila mtu angefanya: alimwaga maji. Moto ukapanda mpaka kwenye paa.

Mimi nilikuwa bombani kwenye foleni ya maji. Niliona moshi nikahesabu nyumba kutoka msikitini, nikahesabu tena, nikaacha ndoo. Nilipofika, nyumba ya jirani ilikuwa inawaka yote na makuti yetu yameshaanza. Makuti makavu hayaungui kama kuni. Yanaungua kama karatasi, kwa kelele. Wanaume walikuwa na pembo, fimbo ndefu zenye ncha ya kulabu, wanavuta makuti ya nyumba ya tatu ili moto usivuke. Yetu walikuwa wameshaiacha, na walifanya sawa.

Jirani alikuwa amekaa barabarani na watoto wake, mwiko bado mkononi.

"Shikamoo," nikamwamkia. Hata leo sijui kwa nini. "Mama yangu yuko wapi?"

"Alitoka. Nimemwona kwa macho yangu, alitoka." Akaanza kulia. "Halafu akarudi ndani. Alisema amesahau sanduku lake."

Sanduku lile nililijua. Lilikuwa na sanda yake, udi na chupa ya marashi, vitu alivyojiwekea mwenyewe ili asije akamsumbua mtu. Nilikimbilia mlango. Wanawake wawili wakanikamata, mmoja kila mkono, na wote wawili walikuwa na nguvu kuliko mimi. Ukumbi haukuwa na dari, kwa hiyo makuti yanayowaka yalikuwa yakidondokea humo. Nilipiga kelele jina la Mungu na jina la mume wangu. Nilikumbuka kwamba asubuhi nilimpa chai bila sukari, naye hakusema kitu.

Paa liliisha upesi. Pengine ulikuwa muda wa kupika ugali, ingawa kwangu haukuwa huo. Yalipobaki majivu na vijiti vinavyofuka, mzee mmoja wa jirani na mimi tuliingia ukumbini na ndoo za mchanga, tunamwaga mbele yetu hatua kwa hatua. Mlango wa chumba cha mama mkwe ulikuwa umefungwa. Mbao zake zilikuwa zimekuwa mkaa upande wa nje. Mzee yule alisimama. Nadhani hakutaka kuufungua. Akagonga.

"Hodi."

Ndani mtu akakohoa.

"Nani?"

"Ni mimi jirani."

"Subiri nijitande."

Tukasubiri. Mzee akageuka akatazama ukuta, mabega yanamtetemeka, sijui kwa kucheka au kwa kulia. Mlango ukafunguliwa na mama mkwe akatoka na kanga mbili, sanduku kifuani, uso umejaa vumbi. Nilimkumbatia pamoja na sanduku. Alivumilia kidogo, kisha akasema:

"Dari ya mume wako inadondosha udongo."

Mume wangu alikuja akikimbia kutoka mjini, kofia haipo. Aliposikia mama yake yu hai alikaa chini barazani akafunika macho kwa viganja. Halafu akaingia chumbani, akapandisha mkono, akaugusa udongo kwa ndani, akasema ni wa vuguvugu tu. Vyumba vile viwili vilikuwa vizima. Shuka kitandani ilikuwa nyeupe kama nilivyoitandika. Juu ya dari hakuna paa, mbingu tu.

Wiki ile tulilala watu kumi na mmoja katika vyumba viwili, jirani na watoto wake wakiwamo. Hakuna aliyesema neno kaburi.

Nilidhani kazi ya kwanza itakuwa paa letu, maana masika yalikuwa karibu. Mume wangu akaanza na jiko la jirani. Alilijenga mbali na nyumba, kuta za udongo mtupu, bila dirisha upande wetu. Nikamwambia mvua haitamsubiri. Akasema moto pia hausubiri, na yule mama lazima akaange, ndiyo riziki ya watoto wake. Tuligombana siku mbili. Mvua ikaja siku ya tatu.

Udongo uliokuwa umeshinda moto haukuweza maji. Chokaa ilikuwa imepasuka kwa joto, dari ikanywa mvua, ikaanza kulegea katikati kama chandarua. Mume wangu aliweka nguzo, akaongeza nguzo, mwisho chumbani ukawa unapita kama porini. Asubuhi moja alitutoa wote nje na vitanda vyetu, akaiangusha mwenyewe kwa jembe ili ianguke kwa ratiba yake. Nilimwona akifanya kazi ile na hasira zikaniisha. Hakuna aliyekuwa anamcheka, na ingekuwa afadhali wangemcheka.

Tulihifadhiwa kwa watu mpaka mvua zilipokatika. Kisha akapata mabati, akaezeka, na kabla kelele za nyundo hazijanitoka masikioni akauliza kama baba yangu bado anakata boriti. Safari hii majirani watatu walikuja kusaidia kukanda udongo, kisha wakamtaka awatilie na wao. Aliwatilia.

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa chini ya dari ile ya pili. Mkunga alikuwa mgeni mtaani. Alipoingia alitazama juu, akaona boriti na udongo, akasita na bakuli lake la maji ya moto.

"Kitu hiki kweli hakitatuangukia?"

Mama mkwe alikuwa amenishika mkono. Hakugeuka.

"Mwanangu," akamwambia, "fanya kazi iliyokuleta."